Kigingi Jikoni kwa Shangazi

Jumanne, 2 Septemba. Jinja

Matipa tena. Nimeyasikia kabla sijafika Masese, yakikwaruza gia kwenye mteremko, na nilipofika yalikuwa yameshamwaga mzigo. Nikapiga picha kama kawaida. Dereva mmoja akanipungia mkono, kama kawaida pia. Tumezoeana, yeye na kifusi chake, mimi na simu yangu.

Kesi yenyewe ni nyepesi kueleza. Barabara ya vumbi inapita kando ya ziwa. Chini ya barabara ni mafunjo, hilo hakuna anayelibishia. Juu ya barabara, mpaka pale mteremko unapoanzia, ni tambarare ya udongo mwekundu, na hapo ndipo mtu anajenga godauni. Anasema kinamasi kinaishia barabarani, kwa hiyo yeye yuko pakavu kihalali. Sisi tunasema barabara ililazwa katikati ya kinamasi, na pale alipojaza kifusi palikuwa na maji na mafunjo. Mvua ikinyesha, maji ya mteremko hayana tena pa kwenda. Yanarudi vyumbani mwa watu. Hao watu ndio wateja wangu, umoja wa wakazi wa mteremkoni.

Jina la mwenye mali naliandika kutwa kwenye majalada. Humu sitaki kuliona. Humu ni Bwana Godauni.

Mchana nimekula kwa Shangazi Zamu. Ugali na mukene, dagaa wa ziwani. Nyumba yake iko upande ule ule wa barabara, ukuta kwa ukuta na godauni. Ndiyo nyumba niliyokulia baada ya mama kufariki. Ameniambia nimekonda na nimekuwa mkali. Yote mawili kweli.

Alhamisi, 4 Septemba

Mashahidi wananiponyoka. Nilikuwa na wazee watatu walioiona Masese kabla ya barabara. Mmoja sasa ni mlinzi wa godauni, amevaa koti jipya na hataki kunitazama machoni. Wa pili amepewa mabati. Wa tatu amekwenda kwa binti yake Kamuli na simu haipokei.

Siwalaumu. Uongo. Nawalaumu sana.

Amebaki mmoja, Shangazi. Amekata mafunjo pale tangu usichana wake, kwa ajili ya mikeka. Majirani humwita Afande, kwa sababu babu yangu alikuwa askari na sisi Wanubi nyumbani twazungumza Kiswahili, lugha ambayo huku watu huiita ya jeshi. Wanamtania, lakini akisema neno wanalisikiliza.

Nilimuuliza jioni kama atakubali kutoa ushahidi. Akakubali kabla sijamaliza kuuliza.

Jumapili, 7 Septemba

Sijui niandikeje.

Nilikwenda kuchukua maelezo yake. Alikuwa anasuka mkeka mlangoni, mguu mmoja juu ya kazi, anajibu bila kuinua uso. Mafunjo yalifika wapi, Shangazi? Yalipita barabara? Yalipita, mbali. Yalipita pale penye godauni? Yalipita. Mpaka wapi? Akacheka. Akaelekeza kidole nyuma yake, ndani ya nyumba.

"Mpaka jikoni. Pale nalala mafiga, mimi ilikuwa nakata mafunjo pale. Marehemu bwana yangu ndio alileta udongo na toroli, jioni jioni, akitoka kazi. Akajaza, akajaza, ndio tukajenga."

Akaendelea kusuka.

Nimekulia juu ya kifusi. Miaka yote hiyo sikujua.

Nikiandika ukweli wake, godauni limo kinamasini na litaondolewa. Na nyumba yake imo pia, mstari mmoja na godauni. Sheria haiulizi kifusi kililetwa na tipa au na toroli. Naijua sheria hiyo. Nimeitetea kwenye semina, nikiwa nimesimama, kwa sauti.

Sikumwambia. Nilisema chai imekuwa nzuri. Nikaondoka.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia Nambozo, Mbale. Tulisoma sheria pamoja, na sasa tunaendesha kesi hii pamoja kwa kuwa jalada limehamishiwa huko. Nikamwambia yote. Akasema mwambie. Mweleze nini kitaifuata nyumba yake, kisha umwache aamue mwenyewe kama atapanda kizimbani. Hiyo ni haki yake. Lakini mwambie kabla hajaapa. Akishaanza ushahidi huruhusiwi kuzungumza naye habari ya kesi mpaka amalize.

Nimesema sawa.

Kuna jambo sikumwambia Nambozo. Shangazi akijitoa, kesi imekufa. Nami nataka kushinda. Nataka sana.

Alasiri nimekwenda Masese na kilo ya sukari. Nimekaa. Nimezungumza habari ya mvua. Nimerudi.

Jumatatu, 15 Septemba. Mbale

Tumekuja na Shangazi kwa gari la Nambozo. Njia yote ya Tirinyi ni mpunga, kijani kibichi pande zote, na Nambozo akatania kwamba tukitaka kazi mpaka uzeeni tuanze kuishtaki barabara hii. Sikucheka. Kila shamba lile lilikuwa kinamasi, na kila shamba lina mama wa mtu.

Tunalala kwa Nambozo, chini ya mlima Wanale. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, maporomoko yananing'inia kwenye mwamba. Shangazi hajawahi kuyaona. Alitoka nje na kiti akaketi kuyatazama kama anatazama harusi. Nambozo alipika malewa, machipukizi ya mianzi, kwa karanga. Shangazi alikula mara mbili, akauliza mianzi hiyo inakatwaje, akasifu, akaimba kidogo.

Nilikuwa nimepanga kumwambia baada ya chakula. Nambozo alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Alikuwa na furaha. Sijamwona na furaha hiyo tangu mumewe azikwe. Nikasema kesho asubuhi, kabla ya kwenda mahakamani. Kesi yetu iko chini kabisa kwenye orodha, muda utakuwepo.

Jumanne, 16 Septemba. Mbale

Kesi zote za mbele yetu zimeahirishwa. Tumeitwa wa kwanza. Shangazi alikuwa hajamaliza kufunga kilemba.

Karani akamletea msahafu. Akakataa kuushika. Chumba kizima kikageuka. Wakili wa Bwana Godauni akaanza kutabasamu, akidhani ameogopa. Shangazi akasema kwa Kiswahili chake, polepole, kwamba udhu wake umetenguka njiani na yeye Kitabu hakishiki hivyo hivyo. Anaomba maji. Nyuma watu wakacheka, mmoja akasema "Ndiyo, afande!" Jaji, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu, akasema apewe maji, tutangoja.

Tukangoja. Alitoka na kopo la plastiki la mfagizi. Mimi nikabaki nimesimama pale, wino wa kalamu umenichafua vidole. Ningeweza kumfuata nje. Muda ulikuwepo, mrefu tu. Nimeutumia kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Akarudi, mikono inadondosha maji. Akaapa.

Alisema ukweli kuhusu barabara na kuhusu mahali pa godauni. Wakili wa upande wa pili akamsukuma: mafunjo yaliishia wapi hasa? Hatua ngapi? Shangazi akasema hatua hajui. "Mahali ya mguu, mimi siwezi kuonyesha na mdomo. Mkuje, nitaonyesha na mguu." Jaji akaliandika hilo. Kisha akaamuru mahakama yote isafiri hadi Masese kupaona, na shahidi amalizie ushahidi wake palepale.

Kwa hiyo hajamaliza. Kwa hiyo mdomo wangu umefungwa mpaka siku hiyo. Nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimeutupa.

Nambozo hajaniuliza kitu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 26 Septemba. Jinja

Wakili wa Bwana Godauni amekuja ofisini. Mpole, viatu vinang'aa. Ana pendekezo: tukubaliane nje ya mahakama kwamba mpaka wa kinamasi ni barabara. Mteja wake atachimba mtaro wa maji kwa hisani yake. Kesi iishe, hakuna kubomoa, hakuna ugomvi. Akiwa mlangoni akageuka, akasema anasikia nina jamaa mwenye nyumba upande ule. Mzee wa watu. Ingekuwa vibaya.

Amejua. Bila shaka amepeleka mpima ardhi kupima kimya kimya.

Hasira ilinipanda. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine. Nafuu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuiandika. Kwa muda mfupi niliona nyumba imesimama, Shangazi mlangoni, mkeka mguuni, na mimi sina la kumwambia tena milele.

Nimewapelekea wakazi pendekezo hilo, kama ninavyotakiwa. Wamekataa bila mjadala. Mama mmoja alinionyesha alama ya maji ukutani kwake, juu ya kitanda cha mtoto. Mtaro upi huo, akauliza.

Naye Shangazi ni mwanachama wa umoja. Alikuwepo. Aliinua mkono kukataa, wa kwanza.

Jumamosi, 4 Oktoba

Jaji anakuja Jumanne. Mvua kila alasiri. Silali vizuri, nakula nikiwa nimesimama.

Nimekwenda Masese na sukari tena. Siruhusiwi kusema neno la kesi. Basi tumekaa. Maji yalikuwa yameingia jikoni usiku, ameyafagia, sakafu bado inang'aa. Nikatazama mafiga yale matatu. Nikitazama mafiga, yeye ananitazama mimi. Niliuliza kama anahitaji mkaa.

Nikimwambia, nimeingilia shahidi, wakili yule atajua, kesi itatupwa na leseni yangu pamoja nayo. Nisipomwambia, nimemuuza mtu aliyeniosha kichwa nikiwa mtoto. Nazunguka humo humo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Na kamba nimejifunga mwenyewe, Mbale, kwa woga wa kumharibia mtu chakula.

Najichukia leo. Basi.

Jumanne, 7 Oktoba

Wamekuja. Jaji amevaa gambuti za kijani, karani amebeba mashine ya kuandikia, polisi wawili, mpima ardhi wa mahakama na vigingi vyake. Nusu ya Masese imeacha samaki juani kuja kutazama. Bwana Godauni amekuja pia, na mwavuli mkubwa.

Shangazi amevaa gurbaba, vazi lake la Kinubi la sikukuu. Jaji akamkumbusha kwamba kiapo cha Mbale bado kinamfunga. Akasema anajua. Akaambiwa aonyeshe mafunjo yalipoishia.

Akaanzia chini, kwenye maji. Akapanda. Akafika barabarani na pale akasimama.

Kaa hapo, nikawaza. Mimi, wakili Muislamu, mtetezi wa vinamasi, namwomba Mungu shahidi wangu aongope. Wakili wa upande wa pili naye alikuwa anaomba hicho hicho, nina hakika. Tulikuwa safu moja, yeye na mimi.

Alikuwa anangoja bodaboda ipite. Ilipopita akavuka.

Akapita mbele ya Bwana Godauni bila kumwangalia. Akafuata ukuta wa matofali mpaka mwisho. Akazunguka nyumba yake mwenyewe, sisi sote nyuma yake, jaji anachota matope na gambuti. Akafika mlango wa jikoni, akavua ndala, akaingia. Akasimama baada ya mafiga, karibu na ukuta wa nyuma, akaweka mguu.

"Hapa. Mafunjo ilikuwa naishia hapa."

Watu wakasogea mlangoni. Hata watoto.

Jaji akamuuliza, kupitia kwa karani, hapa ni nyumba ya nani. Shangazi akasema ni yake. Jaji akauliza kama anaelewa anachosema. Akasema anaelewa Kiswahili, ndiyo.

Mpima ardhi akapiga kigingi pale pale, sakafuni. Sakafu ile ni laini, haikuchukua nguvu. Shangazi akamsogezea sufuria asiigonge.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Ofisi imefungwa. Ushahidi wake umefungwa pia, kwa hiyo sasa naruhusiwa. Sasa ambapo haina maana.

Nilikwenda mikono mitupu. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: tangu ile Jumapili nilijua, nilikuwa na nafasi hapa Masese na nilikuwa nayo Mbale, na niliogopa, na nilitaka kushinda. Nililia. Kamasi na kila kitu.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema alijua.

"Wewe hunaletanga sukari. Wewe naleta kelele tu. Siku ile nakuja na sukari, nakaa, nasema mvua. Nikasema, haya, huyu nakuja kuzika mtu. Siku nyingine, sukari tena. Nikauliza huyu nazika nini? Nikaangalia wewe naangalia mafiga."

Nikamuuliza kwa nini basi alituongoza mpaka jikoni. Kwa nini hakusimama barabarani.

Akaniuliza nimemaliza kulia. Akasema aliapa. Akasema pia kwamba maji ya kule juu yanaingia kwa yule mtoto kitandani, na kwamba yeye na marehemu ndio walioanza kuyaziba, na toroli lao, kabla mtu mwenye matipa hajazaliwa. Hakusema kwa uchungu.

Uchungu ulikuja baadaye, nikiwa mlangoni. Alisema, bila kunitazama: "Lakini wewe ungesema. Mimi ningekubali. Ungesema tu."

Hilo litakaa.

Ijumaa, 31 Oktoba. Mbale

Tumeshinda. Mpaka ni mguu wa mteremko, kama ulivyoonyeshwa na shahidi kwa mguu wake, jaji ameandika hivyo. Hati za umiliki ndani ya mpaka ni batili. Majengo yote yaondolewe, kifusi kizolewe, maji yarudi. Yote. Nilisikiliza neno hilo likisomwa na nikalitambua. Mimi ndiye niliyeliomba kwenye maombi yetu. Niliandika majengo yote ili Bwana Godauni asipate tundu la kuponyokea.

Nambozo akanikumbatia kwenye ngazi. Mwandishi mmoja wa redio aliniuliza najisikiaje. Nikasema ni siku kubwa kwa mazingira. Sauti ilitoka vizuri.

Wanale ilikuwa kavu leo, mwamba mtupu.

Jumapili, 16 Novemba. Jinja

Shangazi hakungoja wabomoaji. Amesema nyumba yake ataishusha mwenyewe. Majirani wa mteremkoni wamekuja, wanaume wameteremsha mabati, wanawake wamebeba vyombo. Yule mlinzi wa koti jipya alikuja pia, bila koti, akashika ngazi. Hakuna aliyemwambia kitu.

Jikoni palikuwa pa mwisho. Kigingi bado kipo. Aliyachukua mafiga mawili, la tatu likawa limeshikamana na udongo, akaliacha.

Nilibeba godoro. Sikuaminiwa kubeba kitu kingine.

Jumamosi, 29 Novemba

Shangazi anakaa kwangu sasa, Nalufenya. Chumba na sebule. Kitanda ni chake, mimi nalala kwenye mkeka wake. Anaamka kabla yangu na kunung'unika kuhusu jiko langu la gesi.

Asubuhi tulishuka Masese. Godauni limebaki nguzo, matipa sasa yanatoa badala ya kuleta. Dereva ni yule yule. Amenipungia mkono. Palipokuwa na nyumba pana maji ya kifundoni, yametulia, na mafunjo machache membamba. Juu kule, yule mama ameanika godoro la mtoto nje kwa ajili ya jua tu.

Shangazi aliyatazama mafunjo kwa jicho la kazi. Akauliza kama anaweza kukata ya mkeka yakikomaa. Nikasema kwanza tuombe kibali. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa serikali, inayolinda vinamasi. Alicheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu sijui lini.

Alasiri sukari iliisha. Nikaenda dukani hapo kona, nikanunua kilo, nikarudi nikaiweka mezani.

Akaacha kusuka. Akaitazama ile sukari. Kisha akanitazama mimi, uso umebadilika.

"Sema," akaniambia. "Nini tena?"

Nikamwambia hakuna kitu, Shangazi. Imeisha tu, ndiyo maana.

Akaendelea kunitazama. Nikamwacha anitazame, sikugeuza uso. Baada ya muda akavuta kopo na kuanza kuimimina.